Mazingira Yasafishwe Mlangoni

Siku hizi hakuna anayeuliza. Mtu hufungua mlango wa ofisi ya ushirika wa maji, pale juu ya soko la Machakos, akasalimia, akaitikiwa, akaketi. Zamani sauti ilitoka chumba cha nyuma kabla hata hujaweka mkoba chini: "Umekuja na nini?" Ndiyo iliyokuwa salamu ya Masila kwa kila mtu. Muthoka, meneja, hakuwahi kuijibu. Nzisa, karani wa mapokezi, alijibu "Njaa," au "Mafua," au, siku aliyogombana na mumewe, "Usiniongeleshe." Masila alicheka, akanyamaza, kisha vidole vyake vikaanza kugonga kibodi. Sasa kimebaki kile kimya cha katikati tu, na Nzisa bado hujikuta ana jibu mdomoni lisilo na pa kwenda.

Josphat Masila alizaliwa upande wa Wamunyu, katika nyumba ya wachongaji wa vinyago, yeye peke yake akiwa na mkono mzito usioweza kutoa hata kijiko kwenye gogo. Alisomea kompyuta Nairobi, akarudi mama yake alipougua, na mama alipozikwa akabaki. Ushirika ulimpa mashine moja kuukuu aitunze. Ndani ya mashine hiyo ndimo ilimokaa zamu ya maji: kijiji gani kifunguliwe bomba siku gani. Makarani wa Wamunyu na Kithimani waliingia humo kutoka mbali, kwa programu ya kuingilia iliyoandikwa na fundi mmoja aliyekwisha kuhama nchi. Masila aliiita "mlango," na mlango huo ulimkosesha raha.

Alimweleza Nzisa siku moja wakinywa chai.

"Karani akiwa Wamunyu, kompyuta yake haitumi jina na neno la siri peke yake. Inakuja na mzigo. Inasema, lugha yangu ni hii, karatasi zangu zichapwe kwa printa ile, zana zangu, zile programu ndogo za kazi, zitafutwe mahali fulani. Huo mzigo ndio tunaita mazingira."

"Na ubaya uko wapi? Hata mimi nikienda kwa watu nabeba mkoba."

"Ubaya ni hiyo maneno ya zana. Mlango unafanya kazi kwa mamlaka ya mwenye nyumba, yule msimamizi mkuu wa mashine. Kabla haujakuuliza neno la siri, unahitaji zana zake. Sasa mgeni anauambia, usitafute kwa kabati lako, tafuta kwa mkoba wangu. Na unatii! Ni kama mwizi amwambie askari wa geti, leo utaona kwa macho yangu."

"Askari wetu hata hayo yake hatumii," Nzisa alisema.

Masila alicheka hadi chai ikamwagika. Kisha akasema dawa ni moja. Mlango utupilie mbali kila kitu ambacho mgeni amekuja nacho. Umpe jina lake, nyumba yake, yaani pahali pa faili zake, na njia ya zana za humu ndani, basi. Kama kuna kitu cha nje anachokihitaji kweli, kitajwe kwa jina, kikaguliwe, ndipo kiruhusiwe. Nzisa aliitikia kwa kichwa. Ilikuwa wazi kama maji ya gilasi, mradi Masila ndiye anayeeleza.

Basi akaubadilisha mlango. Asubuhi iliyofuata karatasi za Wamunyu zilianza kuchapwa Machakos, kwenye printa ya Nzisa, moja baada ya nyingine, huku simu ikilia na karani wa Wamunyu akipiga kelele kwamba watu wamejaa dirishani na yeye hana cha kuwapa. Jina la printa yake lilikuwa limetupwa mlangoni pamoja na mengine.

Muthoka alitoka ofisini mwake akiwa ameshika rundo la karatasi. "Masila, hii ni nini?"

"Ni kitu kidogo, mzee. Nitaruhusu jina la printa, nikishalikagua."

"Na kesho Kithimani watataka lao?"

"Watasema ni lipi, nitaliangalia."

"Kwa nini usizuie yale mabaya tu, uache watu wafanye kazi?"

"Mabaya ninayoyajua ni ya leo. Ya kesho siyajui. Ninayoyajua vizuri ni yale mazuri."

"Wewe uko na maneno mingi. Rudisha vile ilikuwa."

Hapo Masila alifanya jambo ambalo Nzisa angetamani mtu amshike mkono asilifanye. Aliurudisha mlango wa zamani, akamwita Muthoka mezani pa Nzisa, akasema, "Mzee, tazama." Akaandika mistari michache. Skrini ikafunguka, na juu yake likasimama jina la msimamizi mkuu wa mashine. Hakuwa ameulizwa neno la siri.

Muthoka aliinama karibu na skrini. "Umefunzwa wapi haya?" aliuliza, na sauti yake haikuwa ya mtu aliyeshawishika.

Suala likapelekwa kwa kamati. Mwenyekiti alikuwa Mwalimu Kamanthe, mstaafu mwenye kupenda mambo yaende haraka. Kikao kilifanywa kwa Kiswahili kwa sababu ya mjumbe mmoja, Bwana Hanif, mwenye duka la vifaa mjini, ambaye Kikamba chake kiliishia kwenye salamu na bei. Nzisa ndiye aliyeandika kumbukumbu. Masila alivaa koti. Alikuwa amezoea kuyasema mambo haya kwa Kiingereza, na Kiswahili alikichagua neno kwa neno, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe.

"Ninachoomba ni kimoja," alimalizia. "Mazingira yasafishwe mlangoni, kabla mtu hajaingia."

Wakamtazama kwa furaha ambayo hakuitarajia.

"Kijana amesema ukweli," alisema Hanif. "Mimi mwenyewe nimeona aibu mara nyingi."

"Tena watoto wetu ndio wanatukumbusha," alisema Mwalimu Kamanthe. "Nani anapinga? Hakuna. Imepita. Asante, Masila."

Nzisa aliandika maneno vilevile yalivyosemwa. Masila alitoka akiwa mwepesi, akamnunulia soda. Alidhani amesikika.

Jumatatu walimkuta mzee mmoja akifyeka nyasi langoni. Mwingine alipaka lango rangi ya kijani. Tangi la kunawia mikono likawekwa chini ya mti, na ubao ukatundikwa juu ya ngazi: TUTUNZE MAZINGIRA YETU. Masila alisimama mbele ya ubao ule, mkoba begani. Nzisa alidhani atacheka, naye mwenyewe alikuwa tayari kucheka. Masila hakucheka.

Alimfuata mwenyekiti. "Mwalimu, si mazingira haya."

"Yapi tena? Si uliomba, tukapitisha? Wewe hushibi?"

"Nilisema yale ya ndani ya mashine."

"Ndani ya mashine kuna nyasi?" Mwalimu Kamanthe alimgonga bega kwa upole. "Masila, mwanangu, ukipewa sema asante. Kikao hakirudii jambo lililopita."

Mlango wa zamani ukabaki wazi. Masila hakuwa na ruhusa ya kuugusa tena. Aliendelea kuuliza watu wamekuja na nini, ila sasa hakusubiri jibu.

Ukame ulipokaza, zamu ya vijiji vya chini ya Wamunyu ilifutika. Wanawake walipanga mitungi kwenye bomba, bomba likakohoa hewa, siku hiyo na zilizofuata. Maji yao yalikuwa yakienda upande wa Konza, kwenye shamba la mtu ambaye hakuna aliyekubali kumtaja. Mashine ilipoulizwa nani alibadilisha zamu, ilijibu jina moja: msimamizi mkuu. Na msimamizi mkuu, kwa kila mtu ofisini, alikuwa Masila.

Wakamwita mbele ya kamati ileile.

"Mtu ameingia kwa mlango ule niliowaonya," alisema.

Muthoka alikohoa. "Niliona kwa macho yangu. Huyu aliingia bila neno la siri, mbele yangu, kwa meza ya Nzisa. Alinionyesha mwenyewe."

"Nilikuonyesha ndio ufunge!"

"Nani mwingine hapa anajua kufanya hivyo?"

Jibu la kweli lilikuwa kwamba mtu yeyote duniani mwenye kusoma anaweza kujua, lakini jibu hilo halina sura wala jina, na kamati ilitaka sura. Mama mmoja wa Wamunyu, aliyekuwa amekuja na mtungi mtupu kama ushahidi, alimkazia Masila macho. Alikuwa akimjua tangu utotoni.

Ndipo Nzisa akasimama. Makarani hawasemi katika kikao, lakini alisimama. "Alituambia mapema. Yale mazingira aliyotaja hayakuwa ya nyasi."

"Yalikuwa ya nini, mwaitu?" aliuliza Hanif, kwa heshima, kwa lile neno la Kikamba la kumwita mama. Alitaka kujua kweli.

Nzisa alijaribu. Alisema kuna mzigo. Alisema kuna zana, kuna askari, mwizi anampa macho. Alisikia maneno yakimtoka yakiwa yamevunjika, na nyuso mbele yake zikizidi kujifunga. Mwizi yupi? Askari yupi, huyu wetu wa geti? Alimgeukia Masila amsaidie, naye akatikisa kichwa polepole, kama anayemwambia mtoto aache kuchota, kisima kimekauka. Nzisa akaketi. Mpaka leo huyapanga maneno yale akiosha vyombo, na siku nyingine yanakaa sawa kabisa.

Hawakumpeleka Masila polisi, walisema wanamhurumia. Walimwambia aache funguo mezani. Hakuna aliyemfuata hadi langoni. Zamu ya Wamunyu ilirudishwa kwa mkono, ikafutika tena baada ya mvua chache, na safari hiyo wakamlaumu karani wa Kithimani. Programu ya kuingilia bado ni ileile, na bado inapokea kila anachokuja nacho mtu.

Masila yuko Kithimani sasa, anauza mbegu na dawa za mimea katika duka la shemeji yake.