Koti Lililowaka Katikati ya Maombi

Hii aibu inanichoma mpaka leo, na nikiona akina mama wa kanisa letu wakija hapa Ruiru huwa navuka barabara.

Ilikuwa miaka ya tisini. Mama yangu alikuwa anaugua TB, akaja kukaa kwangu ili awe karibu na kliniki. Chumba kilikuwa kimoja, pazia katikati, yeye upande wa dirisha mimi upande wa ukuta. Nesi alinikazia macho akaniambia, "Njoroge, usivute sigara ndani ya hiyo nyumba. Mapafu ya mama yako hayawezi." Nikaapa. (Kuapa ni rahisi, wewe jaribu kusimama nje na hiyo baridi ya Julai.) Basi nikawa navuta kichinichini nyuma ya pazia, napepea moshi na gazeti, najidanganya ati pazia ni ukuta.

Jumamosi moja, ndio tu nimewasha, nikasikia hodi, na kabla sijajibu akina mama wa kanisa wako ndani na thamosi ya uji. Nikatumbukiza sigara kwa mfuko wa koti nikidhani nimeizima, nikatokea nikitabasamu. Kiongozi wao, Mama Wanjiru, akasema, "Tushikane mikono tuombe." Haiya! Mkono mmoja akaushika yeye, mwingine akaushika mwenzake, na Mama Wanjiru akiomba huanzia kwa Adamu. Alipofika kwa Musa nikasikia joto kwa mbavu. Nikaita "Amina!" kwa nguvu ili afunge, yeye akadhani nimeguswa na Roho, akapandisha sauti na kunibana mkono zaidi, moshi nao unapanda, na mama yangu ameanza kukohoa, ile ya kujikunja.

"Ngai! Njoroge anaungua!" mmoja akapiga nduru. Nikamwagiwa uji wote, uji wa mgonjwa, na katika kuvuliwa koti pakiti ya sigara ikaanguka katikati ya watu. Majirani wa ploti nzima walikuwa mlangoni wakicheka, na mimi pia nikajaribu kucheka.

Mama hakucheka. Alipopata pumzi aliokota ile pakiti, akaiangalia, akasema polepole, "Kumbe ni wewe. Na mimi nimekuwa nikimwambia nesi dawa imenikataa. Nilikuwa nishaanza kujitayarisha, baba."

Kujitayarisha kufa, jamani, na mimi niko hapo nyuma ya pazia napepea gazeti.

Mama alipona. Sigara sijaigusa tena na sitaigusa, lakini mpaka leo akikohoa, hata kama ni pilipili tu, mimi huangalia chini.