Mgongo wa Impi

Kila kiangazi, kwenye kambi ya kanisa kando ya ziwa, Impi ndiye aliyewasha moto wa sauna ya wanawake, chumba cha kuogea kwa mvuke. Ndiye pia aliyewasugua wenzake migongo kwa brashi yake, maana kwao hakuna anayejisugua mwenyewe. Husuguliwa na aliyeketi nyuma yake. Mwaka jana alikuja akiwa amekatwa titi. Wanawake wakaoga harakaharaka, wakatoka mmoja mmoja, wakamwacha na sabuni mkononi. Kiangazi hiki hakukiona, Mungu alimchukua.

Sasa dada yake, Aili, alikuwa ameketi kwenye benchi lile lile, katikati ya mvuke.

"Dada Aili, geuka nikusugue," akasema Hilja. "Impi wetu alikuwa malaika, jamani."

"Malaika mlimkimbia kwa nini?"

"Aa, Aili! Tuliona haya tu. Hatukujua tutazame wapi."

"Si mngetazama mgongo? Mgongo wake ulikuwa mzima."

 Aili alijua kwamba Bwana anamtaka asamehe, na kila jioni alimwomba amsaidie. Lakini jioni hii akachukua brashi ya Impi, akatoka nje bila mgongo wake kuguswa.