Jiwe Lililokunywa Ndimu

Tangu ahamie Eldoret, binti yangu hakuwahi kuniomba kitu. Kwa hiyo alipopiga simu kuomba pete ya marehemu mama yake, aivae siku ya harusi, nilifurahi kupita kiasi. Ilikuwa pete ya fedha yenye jiwe la feruzi, na miaka minne ndani ya kopo la majani ya chai ilikuwa imeifanya nyeusi tii.

Mimi ni karani wa serikali, naishi peke yangu Nawoitorong, hapa Lodwar, na ninachojua cha usafi ni sufuria. Sufuria nazisugua kwa jivu na ndimu hadi zing'ae. Pete nayo nikaitendea vivyo hivyo, kisha nikailoweka kwenye maji ya ndimu tangu asubuhi hadi niliporudi kutoka kazini. Fedha iling'aa. Jiwe, lililokuwa la kijani, lilikuwa limepauka kama chokaa. Niliketi kitandani nikajitukana kwa lugha ya kwetu, maana hakukuwa na mwingine wa kunitukana.

Jumamosi nilipanda gari hadi Kakuma, kwa mama mmoja Mkongo anayetengeneza mapambo sokoni, nikamweleza pete ilikuwa ya nani na nilivyoifanya. Aliigeuzageuza pete juani bila haraka. Akanieleza kwamba fedha yenye jiwe hufutwa kwa kitambaa laini cha pamba, maji ya uvuguvugu na tone la sabuni, jiwe lenyewe likipitiwa juu juu tu. Isilowekwe kamwe, na ikaushwe papo hapo. Halafu akanitazama.

"Papa, hii jiwe inakunywaka," alisema. "Ilikunywa mafuta ya mikono ya mama miaka yote, ndiyo ikakuwa kijani. Wewe umeipatia ndimu."

Nami nilikuwa nimedhani ukijani ule ni uchafu. Nilimuuliza kama rangi inaweza kurudi. Akasema labda, mtu akiivaa miaka mingi.

Njia nzima ya kurudi nilipanga maneno, lakini nilipompigia binti yangu yalinitoka ovyo. Nilimwambia ukweli wote. Nikamwambia pia kwamba nitaileta mwenyewe Eldoret, aivae hivyo hivyo, rangi itarudi kidoleni mwake polepole. Kusema kweli, nilikuwa namsihi. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Usijali, Baba," akasema kwa upole. "Kaa nayo tu. Nimeshapata nyingine huku."