Pointi Tatu za Mama

Msimu wa maonyesho ya biashara kule Pazhou ulipoanza mwaka jana, leseni ya mama ilikuwa imebakiwa na pointi tatu. Hapa Guangzhou dereva anaanza mwaka na pointi kumi na mbili, na kila kosa linamega. Mama alikuwa amemegwa tisa, zote kwa sababu ya mwendo, zote na kamera, zote akiwa na mteja anayeogopa kuchelewa. Zilikuwa zimebaki siku kumi na moja mwaka wa leseni yake ugeuke apewe kumi na mbili nyingine. Akipoteza zile tatu kabla ya hapo, haendeshi tena mpaka akae darasani na kufanya mtihani upya. Na siku hizo hizo kumi na moja ndizo wateja wa Dar walikuwa wanashuka uwanja wa ndege, wanataka kupelekwa viwandani.

"Bila gari," aliniambia, "mimi ni wakala mwingine tu mwenye simu pale mtaa wa Xiaobei."

Anayeendesha ni yeye, lakini aliyekuwa anahesabu siku ni mimi. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Darasani niliandika namba za siku kwenye pembe ya daftari, nikawa nakata moja kila asubuhi, halafu saa nne nashtuka kwamba nimekata mbili. Nilitafuna kofia za kalamu zote. Mwalimu akiniuliza swali nasimama na jibu ninalo, lakini halitoki. Mimi ndivyo nilivyo, hata kwa Kiswahili.

Ramani ya simu ingeweza kumwonya mama kuhusu kamera, wengi wanatumia hiyo. Shida ni kwamba simu ya mama haina mapumziko. Mteja akipiga, ramani inanyamaza, na mteja anapiga muda wote. Basi Jumamosi tukaenda soko la vifaa vya magari kutafuta kile kidude cha kuweka kwenye dashibodi kinachoonya kuhusu kamera. Wachina wanakiita mbwa wa umeme. Nilipomtafsiria mama jina hilo alisema mbwa hapandi gari lake, akaanza kukiita "yule bwana".

Muuzaji alitoa aina tatu. Ya kwanza inanasa mawimbi ya kamera yenyewe. Alituonyesha kwa sauti ya chini, akasema askari wakiikuta wanaichukua na faini juu. Mama akairudisha mezani kama imemchoma. Ya pili ilikuwa na kioo kikubwa chenye rangi nyingi, inaonyesha mpaka hali ya hewa. Mama akasema anataka kuendesha, siyo kuangalia tamthilia. Ya tatu ilikuwa kitu kidogo cheusi, ukubwa wa sabuni ya kipande. Inajua gari liko wapi kwa setilaiti na ina orodha ya kamera ndani yake, na orodha inaongezwa kwa simu. Tukachukua hiyo. Muuzaji akanipa sauti za kuchagua: mwanamke, mtoto, na mwanamume mmoja anayechekesha. Nikachagua mwanamke kwa sababu ndiye aliyekuwa anaongea polepole.

Sasa, Kichina cha mama ni cha sokoni. Namba anazijua zote, anaweza kukushusha bei mpaka ukalia. Lakini yule mwanamke wa kwenye kidude anasema kwa pumzi moja kuwa mita mia tano mbele kuna kamera ya mwendo, kikomo ni sitini, na mama anabaki na namba mbili hajui ipi ni umbali na ipi ni mwendo. Kuna mlio pia, lakini kinalia kwa kila kitu: kamera ya taa nyekundu, ya mkanda, ya njia ya basi. Barabara zetu zina kamera kila baada ya hatua chache, kwa hiyo kililia bila kunyamaza. Siku ya pili mama aliuzima mlio kwa sababu wateja walikuwa wanauliza kwenye ujumbe wa sauti ana kifaranga gani ndani ya gari.

Ikabaki sauti, na mimi. Nilikaa kiti cha mbele, mama ananichukua shuleni tunazunguka wote, nami nasema: "Sitini, Mama. Hiyo ya mkanda tu. Sasa themanini." Mama anakanyaga, anaachia. Siku tatu hivyo, na nikiri kwamba zilikuwa siku nzuri. Sikuwa nimewahi kuongea na mama maneno mengi hivyo mfululizo, japo yalikuwa namba.

Siku ya nne wakaja wageni. Mzee mmoja mwenye duka la vigae Kariakoo, na mkewe. Mama alikuwa anawatafuta wateja hawa miaka miwili. Mzee akafungua mlango wa mbele akakaa, na hapo hapakuwa na la kujadili. Mgeni mtu mzima hakai nyuma ya mtoto. Mkewe akakaa kiti cha katikati. Mimi nikasogea mpaka kiti cha mwisho kabisa, pamoja na maboksi ya sampuli.

Mzee alikuwa mcheshi. Alimuuliza mama kama gari linakwenda au wanasubiri lizaliwe. Alipokiona kidude akataka kujua huyu dada mdogo anayesemasema ni nani, mama akamweleza, wakacheka. Kisha akaanza hadithi ya kontena lake lililofika Dar na vigae nusu vimevunjika, na kwa kuwa dada alikuwa anamkatiza, akanyoosha mkono akampunguzia sauti.

Tulikuwa kwenye barabara pana ya kutokea mjini kwenda Foshan. Nilimsikia yule mwanamke, kwa mbali, lakini nilimsikia. Mita mia tano. Sitini. Nikanyoosha shingo nikaona mshale wa mwendo uko juu ya themanini. Mzee alikuwa amefika mahali anapogombana na watu wa bandarini, ameinua mikono yote miwili. Ningetakiwa kupaza sauti juu ya kichwa cha mkewe, nimkate mzee kauli, na nimwamrishe mama yangu mbele ya wageni apunguze mwendo kama vile yeye ndiye mtoto. Mdomo niliufungua, hilo nakumbuka. Mita mia tatu. Nikasema moyoni, akimaliza sentensi hii. Hakuimaliza.

Taa ikamulika juu yetu, mchana kweupe. Mzee akasema tunapigwa picha ya ukumbusho, na mama akacheka kwa adabu.

Jikoni jioni ile mama aliniuliza huku anaosha mchele, hakugeuka. "Yule bwana wa kwenye dashibodi alisema kitu pale?"

"Sikusikia," nikasema.

Ujumbe wa kosa huchukua siku kadhaa kufika. Unakuja kwenye simu yangu, kwa sababu mimi ndiye ninayesoma Kichina. Siku hizo sikukaa mahali pamoja. Nilikuwa nainuka mezani kabla sijamaliza kula. Nilipiga hesabu kwamba labda mama alikuwa na sabini tu, kosa lisilomega pointi, labda ile taa ilikuwa ya gari la pembeni. Mama aliendelea kuwapeleka wageni mchana nikiwa shule, simu ikimwongoza pale inapoweza, naye alikuwa ameanza kuimba garini kwa sababu mzee alikuwa karibu kuagiza vigae vya kontena tatu. Siku zilibaki nne. Nikaanza kuamini.

Shuleni kwetu simu zinakusanywa asubuhi na kurudishwa getini tukitoka. Siku ile niliiwasha nikiwa bado ndani ya foleni ya wanafunzi. Barabara, tarehe, saa, themanini na tatu kwenye sitini. Pointi tatu. Na sentensi ndefu inayosema kwamba aliyemegwa zote kumi na mbili haruhusiwi kuendesha mpaka amalize darasa na mtihani.

Gari lilikuwa ng'ambo ya geti, injini inanguruma. Mzee mbele, mkewe katikati. Siku ile walikuwa wanakwenda kufunga bei kiwandani na mama alinitaka niwe mkalimani. Nikaingia, nikafunga mlango. Mama akatia gia.

Kuendesha bila leseni hapa unaweza kulala ndani, na kwa raia wa kigeni hata kibali cha kukaa kinaingia matatani. Nililijua hilo. Nilijua pia kwamba nikilisema, litasikika na watu wote garini.

"Mama, zima gari," nikasema. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Leseni imeisha. Ujumbe umefika."

Mzee akageuka mzima kunitazama. "Kumbe huyu anaongea," akasema, lakini hakuna aliyecheka na yeye mwenyewe akaacha.

Mama alizima. Akashuka, akaja kufungua mlango wa nyuma, akachukua simu akaitazama ingawa hawezi kuisoma.

"Ungenivuta pembeni."

"Ungekuwa umeshaondoka."

"Siku ile ulisema hukusikia."

"Nilisikia."

Mama akanirudishia simu. Wanafunzi wenzangu walikuwa wanapita wanatuangalia, na kwa mara ya kwanza sikujali. "Sikuulizi zaidi leo," akasema.

Gari lisingeweza kubaki pale getini, na yeye asingeweza kulisogeza hata hatua moja, kwa hiyo ilibidi asimame nalo mpaka apatikane mtu mwenye leseni. Aliwaomba radhi wageni kwa maneno mazuri, akaniambia niite teksi kwa simu. Kisha akatoa mkobani daftari lake lenye vipimo vya vigae na kunipa.

"Nenda nao. Bei ya kwanza usikubali. Laobani, yule bosi wa kiwanda, akikwambia hawezi, kaa kimya tu, kunyamaza unajua."

Sikujua kama ni utani. Usoni hapakuwa na dalili.

Kwenye teksi mzee alikaa mbele akaanza kupiga simu Dar, anaeleza kwamba mambo yamebadilika kidogo. Nikadhani anatafuta wakala mwingine, nikatega sikio, kumbe anamwambia mtu wake asikate tamaa na kontena. Mkewe, ambaye siku zote hizo hakuwa amenisemesha zaidi ya salamu, aliniegemea.

"Mwanangu, hata mimi nilisikia kile kitu kinasema," akanong'ona. "Nilidhani kinatusalimia."

Nikafungua daftari la mama. Mwandiko wake umelala kama umechoka, namba zimepigwa mistari mara mbilimbili. Sentimita sitini kwa sitini, thelathini kwa sitini. Nilizisoma kwa sauti ndogo kwa Kichina, nikakosea, nikaanza tena. Kila baada ya ukurasa nilikuwa nageukia kioo cha nyuma, ingawa tulishapita mitaa mingi na mama hakuonekana tena.