Boksi Chini ya Gari

Gari la mdogo wangu lilivuja oili tangu siku ya kwanza alipolileta nyumbani. Kila alipoliegesha uani kwetu Chapwa, Tunduma, kabla hata ya kusalimia, alichomoa boksi lililokunjuliwa nyuma ya kiti, akaliweka chini na kulisukuma kwa mguu mpaka likae sawa chini ya injini. Ndipo alipoingia ndani. Mimi nilisema maneno mengi kuhusu gari hilo. Nilisema mtu mwenye akili zake ananunua kiwanja, hanunui gari la milango miwili lililoshushwa mpaka mtu mzima anatoka ndani yake kwa magoti. Yeye alicheka tu, akanijibu kwamba niendelee na maturubai yangu, magari nimwachie yeye.

Maturubai ndiyo kazi yangu kweli. Nina kibanda kando ya foleni ya malori yanayosubiri kuvuka mpaka kwenda Nakonde, Zambia, nauza maturubai na kamba, na madereva wananijua kwa mdomo wangu kuliko kwa bei zangu. Tunduma ni mji wa malori. Sahani ya chakula hupakuliwa kwa kumfikiria dereva wa lori, spana za mafundi ni za lori, hata mabishano yetu barabarani ni ya lori gani limezibia lori gani. Katika mji huo mdogo wangu akapita na kigari chekundu cha mbio, tumbo lake karibu na lami, ekzosi yake pana kama kikombe cha chai. Watu waliacha kula wakamtazama.

Kazi yake ilikuwa kuendesha magari ya watu. Aliyapokea Dar yakitoka bandarini, akayaleta mpakani, akayakabidhi kwa wenyewe wanaotoka Zambia na Kongo, kisha akapanda basi kurudi kuchukua mengine. Mwaka mzima alikalia viti ambavyo havijatolewa nailoni. Nadhani ndiyo maana alilipenda lile lake bovu. Alilinunua likiwa bodi tu, akalitafutia injini, akaifungia tabo ya kuiongezea nguvu, akabadilisha springi, na kila alipopata siku mbili za kupumzika alikuwa chini yake amelala chali, miguu nje. Oili ilimshinda. Alikuwa akisema sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, inahitaji gasketi yake yenyewe ya kuziba, siyo ya kubuni, na siku akiipata, boksi atalitupa.

Mama yetu haoni. Presha ya macho ilimwondolea kuona taratibu, kwanza pembeni, kisha kote. Lakini gari hilo alilijua lilipokuwa bado mbali, linapanda kutoka barabara kuu. Lilinguruma, halafu mdogo wangu akiachia pedeli ya mafuta lilikohoa mara mbilimbili na kupumua. Mama aliliita mwenye kifua. Alikuwa akisema, "Mwenye kifua anapanda, injika maji," nami nikainjika maji ya ugali nikinung'unika, na maji yalikuwa yanachemka wakati boksi linasukumwa chini ya injini. Hiyo ndiyo ilikuwa furaha ya nyumba yetu, sikujua kama ni furaha wakati huo, niliiona ni kelele.

Alikufa njiani, akileta gari la mteja. Lile lake la mbio lilikuwa limelala uani, juu ya boksi, likimsubiri. Wenzake walituletea begi lake la safari, zipu imefungwa, vumbi la barabarani juu yake. Tukamzika kwetu, milimani karibu na Itumba, alikozikwa baba.

Kwa ukoo wetu begi la marehemu halifunguliwi na mtu mmoja. Linasubiri siku ya kujengea kaburi, ndugu wakusanyike, lifunguliwe mbele ya wote, na kila kilichomo kipate mtu wake. Mvua zilikuwa zimeanza, kaburi lilihitaji kutulia, kwa hiyo wajomba walipanga tusubiri kiangazi. Mama alilitundika begi kwenye msumari juu ya kitanda chake. Nilikuwa nikimkuta ameliegemezea shavu. Zipu hakuigusa.

Lakini gari, alisema, siyo begi. Gari liwashwe. Nilijaribu kumsikilizisha video niliyokuwa nayo kwenye simu, mdogo wangu akiliungurumisha uani na mimi nikimfokea azime. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akanirudishia simu, akasema hiyo ni simu. Nikamwita fundi, rafiki wa mdogo wangu tangu shule ya msingi, mtu aliyezeeka mikono kabla ya uso kwa kutengeneza malori. Jumamosi akawa anakuja, analiwasha, mama anakaa kwenye kigoda mlangoni na kulisikiliza. Tatizo lilikuwa ile oili. Ilidondokea bomba la ekzosi, moshi mweupe ukajaa uani, mama akakohoa kuliko gari lenyewe. Iliyobaki ilitambaa mpaka kwenye tuta lake la mboga za chainizi.

Kiangazi kilipofika mama akatoa neno lake. Siku ya kujengea kaburi hatapanda basi la kosta na kwaya ya kanisa. Atakwenda na gari la mwanawe. Mjomba alisema kigari kile ni aibu mbele ya mchungaji, mimi nikasema hakitafika, mama akatuacha tumalize. Kisha akasema, "Nataka alisikie likipanda. Mara moja. Baada ya hapo liuzeni, lichinjeni, mfanye mnavyotaka."

Kuanzia hapo kazi yangu ikawa kuhakikisha gari hilo linafika Itumba.

Fundi alilipeleka gereji kwake akalipandisha juu ya magogo. Akafungua sampo, akanionyesha gasketi: imekauka na kukatika kama ganda la muhogo. Tukaanza kutafuta nyingine. Nilizunguka maduka yote ya spea Tunduma, akapiga simu Mbeya, nikamwomba binamu yetu wa Nakonde aulize upande wa pili. Gasketi za malori zilikuwepo za kila aina, na za magari madogo ambayo kila mtu anayo. Ya injini ile hapakuwa na hata mtu aliyewahi kuiona.

Basi fundi akafanya kama anavyofanya kila siku. Alisugua sampo mpaka ikang'aa, akachukua gundi ya silikoni, ile inayoganda na kuwa mpira, akaimwaga pande zote, nene, kama mama anayempakia mtoto siagi kwenye mkate akijua hatarudi mpaka jioni. Hivyo ndivyo anavyofunga malori yanayokwenda Lubumbashi na kurudi. Hakuwa mzembe. Aliifunga injini ile kama anayemfunga mtoto mchanga nepi, na alipomaliza aliingia nyuma ya gereji akakaa huko kidogo.

Asubuhi niliangalia boksi jipya tulilolitandika. Lilikuwa kavu. Nililibeba mpaka ndani, mama akapitisha kiganja juu yake, akalinusa, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu msiba. Alisema mwenye kifua amepona.

Tuliondoka jua likiwa limeshachomoza. Fundi anaendesha, mama kiti cha mbele, mimi nimejikunja nyuma mahali ambapo huyo aliyelitengeneza gari hakukusudia mtu akae. Mama alivaa kitenge cha kwaya, na begi alilipakata mapajani, kwa sababu siku hiyo ndiyo lilikuwa linakwenda kufunguliwa. Tukafika Mpemba, tukaingia barabara ya Ileje. Lami nzuri. Milima ikaanza, mashamba ya kahawa na migomba yakabaki chini yetu, na gari likanguruma jinsi lilivyokuwa likinguruma. Kila fundi alipoachia mafuta likakohoa. Mama alikuwa akigonga begi kwa vidole, polepole, kufuata ule mlio. Nakiri nililia huko nyuma, na haikuwa kwa huzuni peke yake. Nilikuwa nimemkumbuka kweli, kama mtu anayekuja, siyo kama mtu aliyekwenda.

Kwenye mpando mkubwa taa nyekundu ya oili ikawaka.

Fundi alisimama hapohapo. Akafungua boneti, akachomoa kijiti cha kupimia, akakifuta, akapima tena: oili imejaa. Nikatandika boksi chini ya injini, tukasubiri. Boksi kavu. Tukatazamana. Tungeona hata tone moja, tungerudi. Lakini sisi ni watu wa Tunduma, tunajua taa za magari. Kwenye malori taa hizo huwaka kutoka Dar mpaka mpakani, madereva wanazibandika plasta ili zisiwachome macho. Gari hilo nyaya zake zilikuwa zimechezewa na mdogo wangu mwenyewe. Fundi alisema ni waya. Nami niliona ni waya. Tukaendelea.

Mama ndiye aliyesikia kwanza. Aliacha kugonga begi. Akasema huyo siyo yeye, sauti imebadilika. Baada ya hapo na sisi tukasikia, kitu kinagonga ndani ya injini kama mtu aliyefungiwa chumbani anagonga mlango. Fundi akavuta gari pembeni, na kabla hajalizima likazima lenyewe.

Hatukushuka mara moja. Palikuwa kimya kabisa, upepo tu kwenye majani ya migomba. Mama aliuliza kama tumefika. Nikamwambia bado. Akauliza kama litawaka tena, na fundi, ambaye mkono wake ulikuwa bado kwenye funguo, akasema, "Mama, nisamehe." Mama akapapasa mlango, akashuka, akatembeza mkono kwenye bodi mpaka kwenye boneti iliyokuwa ya moto, akauacha mkono pale kwa muda ambao mimi nisingeweza.

Kosta ya kwaya ikatukuta, ikatuchukua. Walikuwa wanaimba walipokuwa wanakuja. Walipoona nyuso zetu wakaacha. Mama alifika kaburini kwa kosta, baada ya yote, kama mjomba alivyotaka. Mjomba hakusema kitu, nampa heshima yake.

Saruji ikawekwa, msalaba ukasimikwa, mchungaji akaomba. Alasiri ukoo ukakaa sebuleni kwa mjomba, mkeka katikati, begi juu ya mkeka. Fundi akaambiwa na yeye ni mtoto wa nyumba, akakaa karibu na mlango. Mjomba akafungua zipu, ikatoka harufu yake, sabuni na petroli, na shangazi mmoja akaanza kulia upya. Shati likaenda kwa binamu, viatu kwa mwingine, chaja ya simu kwa wa tatu. Palikuwa na pakiti ya biskuti, zile laini anazozitafuna mama, zimevunjikavunjika. Chini kabisa kulikuwa na kitu kimezungushiwa fulana kwa uangalifu. Mjomba akakikunjua: mpira mweusi mwembamba, mrefu, uliojifunga wenyewe, una vitundu pembeni pande zote. Akauinua juu. Alidhani ni mkanda, akauliza ni mkanda wa nini.

Fundi alisimama akatoka nje. Nilimfuata, nikamkuta ameshika ukuta wa jiko.

"Dada," akasema, "ile ndiyo gasketi ya sampo. Alikuwa ameipata. Imekaa mapajani mwa mama njia nzima."

Nimejitahidi tangu siku ile kutafuta mtu wa kumkasirikia. Ningependa sana kumpata, nina mdomo wa kumtosha. Simwoni. Begi tulilitunza kama tulivyofundishwa, gari tulilitengeneza kama tujuavyo, na kila mmoja alifanya kwa upendo. Ndicho kinachoniuma. Niliporudi ndani mama alikuwa anauliza ni kitu gani wanachokinyamazia. Nikampa mkononi, nikamwambia ni cha lile gari, ni cha kuzuia lisivuje. Alivipapasa vile vitundu kimoja baada ya kingine, akauzunguka mpira wote mpaka akarudi alipoanzia.

"Kwa hiyo alikuwa anamletea mwenye kifua dawa," akasema.

Wakaulizana nani apewe. Hakuna aliyeitaka. Mama akaikunja ndani ya fulana ileile akaiweka mapajani.

Gari lilirudi Chapwa limevutwa na lori la mteja wangu. Fundi alipofungua sampo alikuta silikoni iliyozidi imemeguka vipandevipande, imeziba chujio linalonyonya oili. Injini ilikuwa imejaa oili na ilikufa kwa kukosa oili. Akaja kibandani kunieleza. Imenoki, haina dawa. Wanunuzi wa Nakonde wanalitaka gari kwa ajili ya bodi na magurudumu.

Mama hajaruhusu. Alimwita fundi akampa gasketi, akamwomba aifunge. Nilimwambia mama kwa upole kwamba injini haitawaka tena. Alijibu kwamba amesikia, siyo kiziwi. Basi fundi akalala chali chini ya gari, miguu nje, kama nilivyozoea kuona miguu mingine, akaifunga boliti kwa boliti, bila tone la gundi. Ilikaa sawasawa. Akamimina oili safi mpaka kipimo, kwa kuwa mama alisema mgonjwa hafungwi bendeji akalazwa na njaa.

Boksi liko chini yake mpaka leo. Jioni mama ananiuliza kama limelowa, nami natoka, nainama, naangalia, ingawa najua. Namwambia ni kavu. Anasikilizia upande wa barabara, halafu ananiambia niinjike maji, tule sisi tuliopo.