Mpokeaji wa Rubeni

Fundi Rubeni wa Mtae alikuwa mwoga wa kitu kimoja tu duniani, nacho ni kuzikwa ugenini. Chui hakumsumbua, na bonde lile la Mtae linalowatia wageni kizunguzungu yeye aliliegemea kama mtu anayeegemea dirisha la kwao. Lakini umtajie kaburi la mbali, mahali ambapo hakuna ajuaye ukoo wako wala wa kukusimulia habari za mvua na mavuno, ungemwona anaweka randa chini na kujifuta jasho.

Basi mwaka 1951, kampuni moja ya Wazungu ilipokuja Lushoto kutafuta maseremala wa kwenda kujenga madaraja Uganda, Rubeni aliitaka sana kazi ile, ila moyo ulimdunda. Karani wa kampuni, Timotheo, kijana mpole mwenye miwani, alimwekea karatasi mezani.

“Kila anayekwenda nchi ya watu lazima achague bima ya matibabu, fundi. Ziko mbili. Ya kwanza, ukiugua unatibiwa hospitali yetu hukohuko hadi mwisho, na ikitokea umefariki, unazikwa huko. Ya pili, ukizidiwa tunakurudisha kwenu, mradi mtu wako wa nyumbani akubali kukupokea.”

“Ya pili,” Rubeni akasema kabla mwenzake hajameza mate.

“Haya. Andika jina la mtu wa kuambiwa kwanza ukiugua.”

Hapo ndipo Rubeni alipokosea, na kosa lenyewe ni la Mshambaa mtupu. Mtu mwingine angeandika mama yake, au dada yake Jenoveva, maana baba alikwisha kufariki. Lakini Rubeni aliulizwa nani anaambiwa kwanza, naye alijibu kwa kadiri ajuavyo. Kwao mtu akiugua, hata kabla dawa haijachemshwa, mkubwa wa nyumba huenda migombani kwenye kaburi la babu na kumwambia: fulani wako hajiwezi, mwangalie. Rubeni alikuwa Mlutheri wa kuimba besi kanisani, lakini besi ni besi na babu ni babu. Akaandika kwa mwandiko mzuri: Mzee Shekigenda, Mtae. Timotheo akapiga muhuri. Angejuaje kuwa Shekigenda ana miaka kumi na minane ardhini?

Mwezi wa tano huko Uganda, Rubeni alinyeshewa kwenye kazi ya daraja akashikwa na kichomi. Ubavu ulichoma, pumzi ikawa ya kuomba. Daktari alipotikisa kichwa, karani wa kule, mtu mnene aitwaye Mika, alituma barua Mtae kama karatasi ilivyoagiza. Kutoka pale hadi Mtae barua ilikwenda majuma mawili kwa bahati njema, kwa treni, kwa lori, kisha kwa miguu ya tarishi.

Jibu lilikuja siku ya nne.

Mika alilileta kitandani akitabasamu. “Una watu wanaokupenda, fundi. Sikiliza: ‘Mleteni. Nafasi yake nimekwisha kuianza. Nitampokea mwenyewe.’ Hakusaini, ameweka dole gumba.”

Rubeni aliitazama alama ile. Haikuwa ya wino. Ilikuwa udongo mwekundu, bado una unyevu, na Mika alikuwa akijifuta vidole kwenye suruali bila kufikiri. Baridi ilimpanda Rubeni kutoka nyayoni, na homa yote ile isiweze kuiondoa.

“Ndugu yangu,” akasema, “aliyejibu hapo alikufa nikiwa mtoto. Nilishika jembe kwenye maziko yake.”

“Ni homa hiyo,” Mika akamwambia kwa huruma. “Lori linaondoka Alhamisi.”

“Nibadilishie bima. Nataka ile ya kwanza.”

“Ya kwanza ni kuzikwa huku, fundi.”

“Nizikeni huku! Nizikeni popote mtakapo, msinipeleke kwake!”

Ndiyo, Rubeni yule yule. Mika alieleza kwamba bima haibadilishwi mgonjwa akiwa kitandani. Hadi mpokeaji mwenyewe ajiondoe. Siku mbili Rubeni alilala akisikia, chini kabisa ya sakafu ya saruji, jembe likipiga udongo, likipumzika, likipiga tena. Aliwauliza wagonjwa wenzake. Hawakusikia kitu.

Jumatano kulipopambazuka, jembe lilinyamaza. Rubeni akavuta pumzi, ikaingia yote. Akaomba uji. Jioni yake Mika alikuja amekunja uso, ameshika karatasi nyingine kwa ncha za vidole. Dole lilikuwa lile lile, na maneno yalikuwa machache: “Msimlete tena. Nafasi imepata mtu.”

Rubeni alicheka, akalia, akamshukuru Mungu kwa sauti hadi muuguzi akamkemea. Mtu aliyeponea tundu la sindano haulizi maswali. Hakuuliza ni mtu gani.

Alirudi Mtae baada ya miezi mitatu, kampuni ilipompa ruhusa ya kupumzika. Ukungu ulikuwa umelala mlimani, akaufuata mgongo wa njia kwa mazoea ya miguu. Jenoveva alikuwa mlangoni. “Shikamoo kaka,” akasema. Nyuma yake, migombani, kando ya kaburi la babu, palikuwa na kaburi jipya lililoanza kuota nyasi.

Alimweleza wakiwa wamesimama. Asubuhi moja walikuta shimo limeanza kuchimbwa pale, na kijiji kizima hakuna aliyekiri. Kila asubuhi lilikuwa limeongezeka kina. Mama akasema anayengojwa ni wa nyumba hii, na wa nyumba hii aliye mbali ni mmoja. Maisha yake yote hakuwahi kumtazama baba mkwe usoni, kwa heshima. Siku ile alijifunga khanga kiunoni, akaenda akasimama juu ya kaburi lake.

“Alimwambia nini?” Rubeni akauliza.

“‘Mzee, mtoto hajajenga hata nyumba yake. Nipokee mimi.’ Ilikuwa Jumanne jioni, kaka. Hakuwa anaumwa popote. Barua ya kampuni ilifika tumekwisha kumzika.”

Rubeni aligeukia kaburini, sanduku lingali mkononi.

“Aliacha neno moja kwa ajili yako,” Jenoveva akasema, akimpokea sanduku. “Alisema ukirudi utakuwa umekonda. Nisikuambie kitu mpaka ule. Nami nimeshindwa.”

Akampakulia ugali na maharage. Rubeni alikaa kwenye kigoda cha mama yake, akala chote, machozi yakimdondokea mkononi.