Aliyeniuzia Pikipiki Bila Kuiachilia

Simu ilipolia nilikuwa nimechuchumaa kando ya pikipiki, mikono imejaa grisi hadi viwikoni, ikabidi niipokee kwa kidole kidogo. Alikuwa mke wa yule mzee aliyeniuzia pikipiki hiyo hiyo. Akaniambia, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulia yote, kwamba mumewe, daktari, amefariki alfajiri hospitalini Kisii, kifua kimemshinda. Nikampa pole, nikakaa chini kwenye nyasi, na jambo la kwanza lililonijia, Mungu anisamehe, lilikuwa hasira. Majuma machache tu kabla hajalazwa, mzee huyo alisimama hapo hapo akinifokea kwamba cheni nimeikaza kupita kiasi, na kwamba mtu anayekaza cheni namna hiyo hafai kukabidhiwa hata baiskeli. Nilikuwa na jibu zuri sana la kumpa, nikaliweka hadi atakapopona. Sasa nimebaki nalo mwenyewe.

Wasomaji wa ukurasa huu wanajua kwamba siandiki tanzia. Lakini huyu ananilazimisha, kama alivyozoea kunilazimisha mambo mengine. Alikuwa daktari wa mifugo wa serikali, na miaka yake yote ya kazi aliimaliza akizunguka vilima vya Nyamira kwa pikipiki ya matope, zile ndefu zenye mgongo mwembamba na tairi za meno, mtungi wa mbegu za fahali umefungwa nyuma, akipandisha ng'ombe wa watu. Akastaafu, magoti yakaanza kumsumbua, lakini kuzunguka hakuacha. Siku alipoanguka kwenye mteremko wa utelezi na kurudishwa nyumbani amebebwa, mkewe na watoto wakakata shauri kwamba pikipiki iuzwe, mzee apumzike. Hakuna aliyeinunua kwa miaka. Mimi niliikuta kwenye kibanda cha kuni, kuku ameatamia mayai juu ya kiti, tangi limeota kutu, panya wamezaliana ndani ya chujio la hewa, na tairi zimepasuka kama visigino vya mkulima. Nilikuwa nikiitamani pikipiki ya namna hiyo tangu ujana, kwa hiyo kutu sikuiona. Tukaafikiana upesi, tukapeana mikono, nikadhani mambo yamekwisha.

Kumbe ndiyo kwanza yanaanza. Niliipakia kwenye pikapu hadi kwa fundi mmoja wa Keroka, na kesho yake mzee akawa amefika kabla yangu, ameketi juu ya tairi kuukuu, mkongojo katikati ya magoti, anatoa amri. Tangi lisipakwe rangi ya buluu, kwani limekuwa jekundu tangu lizaliwe. Kile kibonyeo cha ubavuni kisinyooshwe, maana alikipata kwa pembe za fahali mmoja wa kule Magwagwa na hakutaka kumsahau. Kabureta niliyokuwa nimeisafisha siku nzima aliifungua tena akisema nimeilamba tu, sikuisafisha. Jumamosi peke yake ndipo nilipopumua, maana alikuwa Msabato wa kweli kweli. Fundi, mtu mpole ajabu, aliniuliza siku moja pikipiki hii ni ya nani hasa, ili ajue afuate amri za nani. Nikamwambia ni yangu. Mzee akacheka hadi akakohoa. Jamani, mtu akikuuzia ng'ombe, huja kila asubuhi kukuonyesha namna ya kumkama?

Tulikosana kabisa juu ya ekzosi. Ile ya zamani ilikuwa imetoboka, na injini ilipowashwa mara ya kwanza watu wa soko waligeuka wote. Nikatafuta mpya, ikafungwa, na mashine ikanguruma kistaarabu, chini kwa chini. Nilijivuna, nikamwita aje asikilize. Aliinamisha kichwa, akasikiliza muda mrefu, uso ukamwanguka.

"Umeitoa sauti," akasema. "Sasa watu watajuaje kwamba napita?"

Nilitaka kumwambia kwamba hapiti yeye, napita mimi. Lakini alikwisha kuanza kueleza, na kwa mara ya kwanza hakuwa akinifokea. Enzi za simu kutofika vijijini, alisema, mlio huo ndio uliokuwa ukimwitia kazi. Mwenye ng'ombe anayetaka dume akiusikia mlio kutoka kilima cha juu, alitundika gunia langoni, na daktari akifika bondeni alikuta magunia yanamngoja. Hakuwahi kulipita lango lenye gunia, hata mvua inyeshe namna gani. Kwa hiyo nirudishe bomba la zamani, na Jumapili nimpakie nyuma hadi Magwagwa. Nikakataa. Akanuna, akaacha kuja. Nilidhani nitafurahi, lakini fundi naye akaanza kuniuliza kila siku mzee yuko wapi, na mwishowe nikachoka, nikamwambia arudishe bomba bovu maneno yaishe.

Jumapili iliyofuata nilipokwenda kumchukua mzee, mkewe alisimama mlangoni akatuambia wazi kwamba tukimvunja mguu tusimwite yeye. Tukaondoka kwa kelele za kutia aibu. Njia nzima mzee alinipigapiga begani akinikosoa gia, mara nimechelewa kubadilisha, mara naua klachi, na kila lango tulilolikaribia aliinua shingo kuchungulia. Lango la kwanza tupu, la pili tupu. Mbwa walibweka, watoto wakaziba masikio wakicheka, lakini gunia halikuonekana popote. Ungetegemea nini? Siku hizi mwenye ng'ombe hupiga simu, na kijana aliyesomea kazi hiyo hufika upesi na kuondoka upesi, na kazi yake ni nzuri. Tuliposhuka bonde la mwisho nikagundua kwamba mzee ameacha kunikosoa. Nilibadilisha gia vibaya makusudi ili aseme neno, akanyamaza. Nilitamani nigeuze turudi.

Karibu na Magwagwa bibi kizee mmoja akatoka langoni na mwiko mkononi, akatufokea kwa Ekegusii kwamba mjukuu wake ndiyo kwanza amepata usingizi, na sisi tumekuja kumwamsha na takataka yetu. Nikazima injini. Ndipo akamwona aliyeketi nyuma yangu.

"Kumbe ni daktari? Sisi tuliambiwa ulishakufa."

"Aliyewaambia alinipima?" mzee akajibu.

Bibi hakucheka. Alimtazama usoni kwa muda, akashusha mwiko. "Basi umekuja wakati mzuri," akasema. "Nina ndama nataka umwone. Anakohoa usiku."

Ndama huyo, msomaji wangu, alikuwa mzima kuliko mimi na wewe. Manyoya yanang'aa, anarukaruka, anatafuta mtu wa kumpiga kichwa. Mzee alikunja mikono ya shati, akamfunua jicho, akamtazama ufizi, akalaza sikio ubavuni, akauliza anakohoa mara ngapi na anakunywa maji ya wapi. Bibi alijibu kila swali kwa uso mkavu, na alipopewa maagizo akayarudia ili asisahau, huku mimi nimesimama juani najiuliza huu mchezo utaisha lini. Tulipoaga akamwambia lazima arudi mwezi ujao amkague tena. Kurudi, mzee aliimba wimbo wa kanisani kilima chote, kisha akaniambia kwamba klachi naishika kama mtu anayeogopa. Na mwezi uliofuata tulirudi kweli, na uliofuata huo, kwa kelele zile zile. Ndama yule alikaguliwa mpaka akawa mtamba.

Juzi nimetoka kumzika, na niliyoyasikia kwenye maziko bado yananiwasha. Kila aliyeshika kipaza sauti alisema daktari amefanya kazi nyingi, sasa amepumzika. Mchungaji, chifu, mwakilishi wa wastaafu, wote wimbo mmoja. Nani aliwaambia alikuwa amechoka? Ng'ombe haelemewi na nunduye, lakini sisi tunaojiona tuna huruma tumeikata nundu tukidhani tunampunguzia mzigo. Simlaumu mkewe. Magoti yalikuwa mabovu kweli, na kule kuanguka kungeweza kumuua. Ninachosema ni kwamba tunawanyang'anya wazee wetu kazi kwa upendo, tunawapa kiti na redio, kisha tunashangaa kwa nini wanakuwa wakali. Hata mimi nilimwona msumbufu tu, na alikuwa msumbufu, sitamsingizia upole sasa kwa kuwa amelala. Bibi wa Magwagwa aliketi nyuma kabisa ya hema, na hakuna aliyempa kipaza sauti. Kwa hiyo nayasema mimi. Kama unaye mzee wa namna hii nyumbani, usimwambie apumzike. Mtafutie ndama asiyeumwa chochote, kisha umwambie anakohoa usiku.